Mtoto wa Kaole: Uigizaji wa Elizabeth Michael na Kiswahili Chetu cha West Nile

Makala hii inatathmini safari ya kisanaa ya Elizabeth Michael, mwigizaji wa Tanzania ambaye watazamaji wengi wanamfahamu kwa jina la Lulu. Maisha yake yamekwisha kuandikwa sana na magazeti ya udaku, nasi hatukusudii kuongeza lolote huko. Tunamwangalia kwa jicho la mwalimu wa lugha. Swali letu ni hili: mtoto mwenye kipaji cha kuigiza hukuzwa na nini hata akawa mwigizaji kamili? Aidha, jibu la swali hilo lina faida gani kwa sisi tunaofundisha Kiswahili Arua na Koboko?

Tuanze kwa kulinganisha. Katika historia ya filamu duniani, mfano maarufu wa mtoto aliyekua mbele ya kamera ni Elizabeth Taylor, aliyezaliwa London mwaka 1932. Alipata umaarufu kwa filamu ya National Velvet mwaka 1944 akiwa bado mtoto, na baadaye akatunukiwa Oscar mbili za mwigizaji bora wa kike. Wengi husema alizaliwa na kipaji, na ni kweli. Hata hivyo, nyuma yake ilikuwapo kampuni ya MGM iliyokuwa na mikataba, walimu, waandishi wa hadithi na majumba ya sinema yaliyosubiri kila filamu mpya. Hii ina maana kwamba kipaji chake kilikuwa na walezi.

Elizabeth wa Dar es Salaam hakuwa na kampuni ya namna hiyo. Alikuwa na kikundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa na umri wa miaka mitano hivi, aliingia katika kundi la Kaole, ambalo michezo yake ilionyeshwa na televisheni ya ITV. Humo alikuta watu wazima waliokwisha kuizoea kazi hiyo, akiwamo Mahsein Awadh, maarufu kama Dk. Cheni. Wasomaji wetu wanaofundisha fasihi watakumbuka kwamba michezo ya televisheni ya Tanzania ya wakati ule haikutegemea sana mswada ulioandikwa neno kwa neno. Waigizaji walipewa kisa na mpangilio wa matukio, kisha mazungumzo wakayabuni papo kwa papo.

Jambo hilo lina uzito mkubwa katika tathmini yetu. Mtoto anayeigiza kwa kukariri anahitaji kumbukumbu. Mtoto anayebuni mazungumzo anahitaji lugha yenyewe. Hana budi kujua mtoto humwombaje mama ruhusa, humnuniaje dada yake, humwamkiaje mgeni, na hujiteteaje anapokaripiwa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ilipo siri ya Lulu. Alikua katika lugha ambayo tayari ilikuwa na nyumba, jikoni, ua na majirani ndani yake. Kaole haikumfundisha Kiswahili, bali ilimpa mahali pa kukitumia mbele ya hadhira inayokijua vizuri na isiyosamehe kauli ya uongo.

Ugumu ulikuja katika kipindi cha mpito. Watoto wengi waigizaji hupotea hapo, kwa sababu watazamaji hawataki wakue, au wanataka wakue haraka mno. Soko la filamu za Bongo lilipopanuka, filamu zikiuzwa katika DVD na mara nyingi zikigawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, msichana huyu aliingia humo angali mdogo. Tazama majina ya baadhi ya filamu zake: Family Tears, House Boy, Woman of Principles, Foolish Age. Wahusika wanazungumza Kiswahili, lakini jalada linazungumza Kiingereza. Tunaona hapo dosari mbili za tasnia ile. Ya kwanza ni kuionea haya lugha iliyoilisha. Ya pili ni pupa ya kumpandisha msichana kwenye visa vya mapenzi na anasa kabla ya kipindi cha ujana wake kupewa hadithi zinazokifaa. Kaole ilikuwa na nafasi ya mtoto, na soko likawa na nafasi ya mwanamke, lakini katikati palikuwa na pengo.

Hatuwezi kulikwepa tukio la Aprili 2012, mwigizaji Steven Kanumba, ambaye naye alipitia Kaole, alipofariki dunia nyumbani kwake Dar es Salaam. Elizabeth Michael, akiwa bado kijana mdogo, alishtakiwa. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 2. Mei 2018 alitolewa gerezani ili amalizie adhabu yake nje. Mahakama ilisema neno lake, na sisi hatuna la kuongeza. Linalotuhusu wahakiki ni namna ambavyo baada ya hapo watazamaji walianza kuzisoma filamu zake kama ushahidi. Kila alipolia mbele ya kamera, walisema analia kwa yake. Haya ni makosa yaleyale tunayoyasahihisha darasani mwanafunzi anapomchanganya mwandishi na msimulizi, au mwigizaji na mhusika. Aliyefiwa ana haki ya huzuni yake, na msanii ana haki ya kupimwa kwa kazi yake.

Tukiipima kazi hiyo, filamu ya kuangaliwa kwanza ni Mapenzi ya Mungu ya mwaka 2014. Mwaka 2016 ilipata tuzo katika hafla ya AMVCA iliyofanyika Lagos, Nigeria. Tunaona fahari kwamba kazi iliyomvusha mpaka Afrika Magharibi ni ile iliyobeba jina la Kiswahili. Waamuzi hawakuzuiwa na lugha. Pengine waliona jambo ambalo tasnia yenyewe ilichelewa kuliona, kwamba nguvu ya mwigizaji huyu iko katika lugha ya nyumbani aliyolelewa nayo kisanaa.

Hapa Uganda tuna mfano wa kulinganisha. Madina Nalwanga, msichana wa Kampala aliyetoka katika kikundi cha ngoma, aliigiza kama Phiona Mutesi katika Queen of Katwe, filamu ya Disney iliyoongozwa na Mira Nair na kutolewa mwaka 2016. Aliigiza bega kwa bega na Lupita Nyong'o na David Oyelowo, na hakufunikwa. Kwa ukubwa wa jukwaa, alianzia mahali ambapo Lulu hajawahi kufika. Lakini mpaka leo jina lake hutajwa zaidi pamoja na filamu hiyo moja. Hili si suala la kipaji. Filamu ile ilikuja na fedha, wataalamu na hadhira kutoka nje, na kazi ilipokwisha, ilivunja kambi ikaondoka. Haikuacha nyuma yake kikundi wala soko. Kaole ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa jirani, na wiki iliyofuata ilikuwa na mchezo mwingine.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili kimekuwapo West Nile kwa muda mrefu, ila kilifika kwa njia ngumu. Kilikuja na askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, alijiunga nalo mwaka 1946. Amin huyohuyo alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Wanajeshi wa Tanzania waliokuja nacho mwaka 1979 walifika mpaka wa Sudan mwezi Juni. Kwa wazee wengi, kwa hiyo, Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani: simama, kaa chini, leta kitambulisho. Njia ya pili ni biashara. Katika soko la Arua na upande wa Ariwara, Kiswahili cha Kongo hupanga bei pamoja na Kilugbara na Kilingala, na Koboko kinakutana na Kikakwa na Kinubi.

Matokeo yake tunayasikia darasani. Mwanafunzi anayeingia kwetu anajua kuamuru na anajua kupatana bei, ila hajui kubembeleza. Anasema "leta maji" pale ambapo Mswahili angesema "naomba maji" au "nisaidie maji". Dhamira tegemezi inamshinda, si kwa sababu kiambishi -e ni kigumu, bali kwa sababu hajawahi kumsikia mtoto akiomba kwa Kiswahili. Shikamoo na marahaba anazijua kama msamiati wa mtihani. Kwa ufupi, Kiswahili chetu kina jeshi na kina soko, ila hakina utoto.

Ndiyo maana tunaona kuwa michezo ya Kaole na filamu zilizoifuata zina thamani kwetu kupita burudani. Tangu mtaala mpya wa mwaka 2020 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, walimu wengi wanalalamikia uhaba wa vitabu, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, mazungumzo ya mama na mtoto yanaweza kusikilizwa, kusimamishwa, kurudiwa na kujadiliwa hata pale ambapo vitabu havitoshi. Mwalimu achague onyesho fupi la nyumbani, azime sauti na kuwataka wanafunzi wabuni maneno yao, kisha wawashe sauti walinganishe. Hiyo ndiyo njia ileile iliyomkuza Lulu.

Tunatoa rai mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha waanzishe vikundi vya maigizo ya Kiswahili katika shule, vyenye kisa bila mswada, na watoto wadogo wapewe sehemu za watoto, wasipewe za wazee. Pili, vikundi hivyo viwe na walezi wa kudumu, maana pengo lililomkuta Elizabeth Michael kati ya utoto na utu uzima linaweza kumkuta mtoto yeyote anayepigiwa makofi mapema. Kikundi kinachokutana kila wiki Koboko, hata kama hakitaonyeshwa kwenye televisheni yoyote, kitamfaa mtoto kuliko kamera inayokuja mara moja na kuondoka.