Nani Aliuza Mlango wa Wimbo?

Wimbo wa bure una sauti yake. Unabonyeza, na kabla gitaa halijaanza anatokea mtu mchangamfu, Kiswahili chake kimepigwa pasi, anakuuzia bando, sabuni au mkopo wa simu. Sekunde chache tu, kisha ngoma inaingia. Huyo mtu hakuimba, hakugusa chombo, na huenda haelewi hata neno moja la lugha inayofuata. Lakini kampuni iliyomtuma ndiyo iliyolipa. Tumsikilize basi kama tunavyosikiliza mshororo wa kwanza wa shairi, maana kwa wasikilizaji wengi yeye sasa ndiye mshororo wa kwanza.

Mfano ulio karibu nasi ni Mdundo. Huduma hii ilizaliwa Nairobi zaidi ya miaka 10 iliyopita na wazo lenyewe ni rahisi. Watu wanapakua nyimbo bila kulipa, hilo halizuiliki. Basi wapakue mahali halali, tangazo la sauti likae ndani ya faili, na pesa ya tangazo wagawane kampuni na wasanii. Mwaka 2020 hisa zake ziliorodheshwa kwenye soko la First North, Copenhagen. Kutoka memori kadi ya mtaani hadi soko la hisa la Denmark, si mwendo mdogo.

Wengine walijaribu mapema na wakaanguka. Kule Marekani, SpiralFrog ilifunguliwa 2007 ikitoa nyimbo za bure kwa pesa ya matangazo. Machi 2009 ikafungwa. Nyimbo zake zilikuwa na kufuli: ilibidi urudi kwenye tovuti kila baada ya muda, utazame matangazo tena, la sivyo zinazima. Hapa kwetu faili iliachwa wazi na tangazo likashonwa ndani yake. Ukishapakua, huhitaji intaneti tena. Unaweza kuicheza mwaka mzima bila hata KB moja, na tangazo litakuwa hapo kila mara.

Uerevu wa jambo hili hauonekani vizuri ukiwa Westlands na waifai ya ofisi. Nenda Laare, Igembe Kaskazini, kule juu kupita Maua. Mji unaishi kwa miraa: inachunwa, inafungwa kwa majani ya mgomba, inakimbizwa Nairobi kabla haijanyauka. Miraa na muziki ni ndugu. Kuna spika kwenye duka, kuna redio kwenye bodaboda yenye tundu la flashi, kuna simu ndogo mfukoni yenye memori kadi. Bando hununuliwa la siku, au la saa. Kumwambia mtu kama huyo alipie muziki kila mwezi kwa kadi ya benki ni kuongea peke yako.

Kwa hivyo kwanza tutoe heshima panapostahili. Kabla ya huduma hizi, njia ya kawaida ilikuwa kwenda kwa kijana mwenye kompyuta, unampa shilingi kadhaa na flashi yako, anakujazia nyimbo mpaka inatapika. Aliyeimba hakupata kitu. Hata leo hao vijana wapo, na bado hapati. Anayekejeli wimbo wenye tangazo ajiulize kwanza kama huo usio na tangazo ulimlipa mtu.

Tena, tangazo ndani ya wimbo halikuletwa na intaneti. Wakongo wana neno lake, libanga: mwanamuziki anataja jina la tajiri katikati ya wimbo, tajiri anafungua mfuko. Benga yetu pia imejaa majina: rafiki, mwenye baa, mwalimu, mwenye matatu. Mtu alitaka asikike, na mwimbaji alijua kwamba wimbo ni gari, linaweza kubeba abiria. Lakini tazama nani alikuwa kondakta. Mwanamuziki mwenyewe ndiye aliyeuza kiti. Alichagua nani apande, wapi akae, kwa bei gani. Jina lilipoingia, liliingia kwa sauti yake, kwa mdundo wake, kwa lugha yake. Likawa sehemu ya wimbo, mara nyingine sehemu tamu kuliko zote.

Tangazo la faili ni kitu kingine. Linagandishwa mlangoni. Na katika benga mlango si mapambo. Gitaa ndilo linaloanza kusema, peke yake, haraka haraka. Sauti ya mtu huja baadaye kulifuata. Mtu aliyezoea benga ya Kimeru hutambua wimbo kwa noti tatu za mwanzo na tayari bega linacheza. Sasa weka hapo sauti ya stejini ya Nairobi, imerekodiwa safi, kali kuliko wimbo wenyewe. Baada ya kuusikia mara arobaini, kichwa kinaziunganisha sauti hizo mbili. Gitaa linaanza kusikika kama jibu la swali kuhusu mkopo. Fikiria pia wimbo wa injili unaotanguliwa na mwaliko wa kucheza kamari. Nani alimuuliza aliyeimba?

Masikio yakizoea, yanazoea, sawa. Shida kubwa zaidi iko kwenye hesabu.

Chukua kijana mmoja Laare. Anapakua wimbo asubuhi. Seva inaandika: moja. Anawarushia wenzake watano kwa Xender au Bluetooth. Kila mmoja wao sita anaucheza mara ishirini. Tangazo limesikika mara 120, na bado hatujafika kwa spika ya duka. Seva bado imeandika moja.

Utaniambia kwamba bei ya tangazo tayari imejumlisha marudio hayo, na msanii anapata fungu lake. Haya, tukubali. Lakini fungu hilo linagawanywaje kati ya msanii na msanii? Likifuata idadi ya kupakua, basi wimbo wa mjini uliopakuliwa mara elfu na kufutwa Jumatatu unaushinda wimbo wa Kimeru uliopakuliwa mara mia, kisha ukazunguka mwaka mzima kutoka simu hadi simu, sokoni, shambani, kwenye bodaboda. Huo wa pili ndio uliofanya kazi ya kubeba tangazo. Ndio uliochosha miguu. Na ndio uliolipwa kidogo.

Mkulima wa miraa analijua hili bila kufundishwa. Dalali hununua shambani kwa bei ya shambani, na kila kilomita ya barabara inaongeza thamani ambayo haimrudii aliyepanda. Ila miraa ikishatafunwa, imeisha. Wimbo hutafunwa kila siku na hauishi, na tangazo lililo ndani yake pia haliishi.

Wapo watakaosema haiwezekani kuhesabu kitu kilichotoka kwenye intaneti. Jamani, nani anahesabu masikio ya redio? Muuga FM inatangaza kwa Kimeru na watu wananunua muda wake kila siku, wala hakuna aliyepita nyumba hadi nyumba akihesabu nani kaiwasha. Hupigwa makadirio, watu huulizwa maswali, bei hupangwa. Hesabu hiyo inakubalika inapomfaa muuzaji wa tangazo. Basi ikubalike pia kwa mwenye wimbo. Pitieni maduka, mabaa na stendi za boda katika miji kama Laare, Maua na Embu, sikilizeni kinachochezwa, na mgawo ufuate kinachochezwa.

Redio hiyo hiyo inatufundisha jambo la pili. Tangazo la redio ya Kimeru linazungumza Kimeru. Kwa nini mlango wa wimbo wa Laare uuzwe Nairobi pekee? Yuko mwenye duka la dawa za mifugo, yuko fundi, iko sacco. Mpeni mwanamuziki haki ya kuuza nafasi hiyo nyumbani kwake, kwa sauti yake mwenyewe, na kampuni ichukue fungu lake. Tutakuwa tumerudisha libanga ndani ya faili, na huenda hata tangazo lenyewe likachezeka.

Kwenye video nyingi za Kimeru utaona namba za Skiza zikipita chini ya skrini, msanii akiomba uuweke wimbo wake usikike na kila anayekupigia. Hao si watu wasiojua biashara. Wanajua kuuza sekunde thelathini za wimbo wao. Wanachokosa ni kuulizwa. Kurekodi kunataka pesa: studio, mpiga gitaa, video, nauli. Zisiporudi, hakuna wimbo wa pili, na lugha inabaki na nyimbo za wazee tu.

Mimi sitaki tangazo liondolewe. Likiondoka, kijana wa flashi atashangilia na tutarudi tulikotoka. Ninachotaka ni mkataba wenye mistari miwili zaidi: mwenye wimbo aone tangazo kabla halijashonwa, na alipwe kwa umbali ambao wimbo wake umelibeba. Wewe nawe, ukirushiwa ngoma leo kwa simu, usikimbilie kuiruka ile sauti ya mwanzo. Isikilize mpaka mwisho, kisha muulize msanii wako, ukimpata, kama aliwahi kuambiwa kwamba ipo.