Mwanga Huu na Mwanga Huyu

Wanafunzi wetu wa fasihi wamezoea kulisoma kila neno la nuru kwa maana moja. Wakikuta taa katika riwaya huandika "elimu". Wakikuta usiku huandika "ujinga". Desturi hii yarahisisha mtihani, lakini yaidhulumu lugha. Kiswahili hakikuipa nuru maana moja, wala wema mtupu. Atakaye ushahidi na autafute Shinyanga na Geita, katika nchi ya almasi na dhahabu, ambako maana za maneno hayo zimewagharimu watu uhai.

Tuanze na mwanga. Kamusi hulitaja neno hili mara mbili. Katika ngeli ya vitu ni nuru. Katika ngeli ya watu, ambayo wingi wake ni wanga, ni mchawi atembeaye usiku. "Mwanga umeingia kijijini" ni habari ya faraja. "Mwanga ameingia kijijini" ni habari ya hofu. Tofauti yote imebebwa na kiambishi kimoja cha kitenzi, na msomaji akipuuzaye hajui ameletewa nini.

Usukumani mtuhumiwa huitwa mchawi zaidi kuliko mwanga, lakini fumbo la neno hilo limeonekana huko kwa matendo. Kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Wekundu huo waelezwa vema na moshi wa jikoni, wa mabua na kinyesi cha ng'ombe, mahali ambapo kuni ni adimu. Basi moto uleule ulioiangazia nyumba ndio uliompa mama mwenye nyumba sura ya mwanga. Mhakiki anayelisoma jiko kama alama ya upendo wa mama hana budi kulikumbuka hilo.

Weupe nao una pande mbili. Moyo mweupe ni moyo safi. Jambo la peupe halina siri. Kukiwa kweupe, kumekucha. Lakini weupe wa mtu mwenye ualbino uligeuzwa bidhaa. Nyota ya mtu ni bahati yake, na aliyekosa mali huambiwa na mganga kuwa nyota yake imefifia, yahitaji kusafishwa. Wakatokea waganga waliodai kuwa viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta utajiri. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, iliyoketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Shinyanga wakati huo, na ambayo tangu 2012 ni ya Mkoa wa Geita. Katika imani hiyo nyota, weupe na mng'ao wa mali, maneno matatu ya nuru, yamefungwa pamoja kwa damu.

Tuje kwenye kung'aa. Methali yasema vyote ving'aavyo si dhahabu. Mchimbaji mdogo wa Geita angeweza kuigeuza: dhahabu nayo haing'ai mwanzoni. Hutoka duarani ikiwa jiwe tu. Husagwa, huoshwa, hunaswa kwa zebaki na kuchomwa, ndipo ing'ae. Hata almasi za Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, hupata mng'ao wao kamili baada ya kuchongwa. Mng'ao, basi, ni kazi iliyofanywa juu ya kitu, na mvuke wa zebaki uingiao kifuani mwa mchenjuaji ni sehemu ya bei yake.

Kumulika ni jambo jingine. Kuangaza hueneza nuru; kumulika huielekeza. Kwa hiyo simu ndogo yenye tochi huitwa mulika mwizi, si angaza mwizi. Mwenge wa Uhuru uliopandishwa Kilimanjaro mwaka 1961 ulikusudiwa kumulika. Kitenzi hiki chataka mwenye kushika taa na mwenye kumulikwa, na wawili hao mara chache huwa sawa kwa nguvu.

Wahenga walisema kumulika nyoka huanzia miguuni. Miguuni pa mhakiki pana ngeli, kiambishi na kitenzi. Akiisha kuvitazama hivyo, na aulize taa imeshikwa na nani na imeelekezwa kwa nani, kabla ya kuandika "elimu" pembeni mwa ukurasa.