Mgeni wa Tatu Hakupiga Hodi

Tunasikia mnyororo wa mlango ukivutwa. Tunasikia komeo la chini likitoka kwa shida, kisha sauti ya mwanamke mzee akimwita mumewe ashuke amsaidie, maana la juu halifikii. Halafu kiti kinaburutwa. Kule juu mumewe yuko chini kwa magoti na mikono, anapapasa sakafu gizani akitafuta kitu kidogo, kikavu, chenye vidole. Na nje kuna anayegonga.

Huo ndio ukingo ambao W. W. Jacobs aliwafikisha wasomaji wake mwaka 1902, katika hadithi fupi iitwayo The Monkey's Paw, yaani Kiganja cha Nyani. Ni hadithi ya kurasa chache, na humo hamna mzuka hata mmoja anayeonekana. Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba najua kila ubao wa nyumba ile, na bado nikifika kwenye kiti kile mwili unanisisimka. Safu hii inataka kueleza kwa nini. Nitaitaja hadithi mpaka mwisho wake, kwa hiyo ambaye hajaisoma aanze na hadithi yenyewe, ikiwezekana usiku, kisha arudi hapa.

Jibu la haraka ni kwamba Jacobs anatisha kwa kuficha. Ni kweli, lakini jibu hilo halimsaidii anayetaka kujifunza kazi. Kuficha kila mtu anaweza. Msomaji akijua tangu mwanzo kwamba anafichwa, hukasirika au huchoka. Ustadi wa Jacobs ni kwamba anafanya hesabu ya kutoa, polepole, mbele ya macho yetu, na hatugundui kilichopungua mpaka tumebaki na mlango mtupu.

Mtu huyu hesabu alizijua. Alizaliwa mwaka 1863 huko Wapping, London, kando ya mto Thames, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa gati. Mpaka mwaka 1899 alikuwa karani katika Benki ya Akiba ya Posta. Jina alilipata kwa hadithi za kuchekesha za mabaharia na watu wa magatini, na shule hiyo ya vichekesho ndiyo iliyomfundisha kutisha. Mchekeshaji hupanda mbegu mapema, akahakikisha umeisahau, kisha akakuvunisha ghafla. Mtishaji hufanya vivyo hivyo.

Mgeni wa kwanza

Hadithi inafunguka usiku wa baridi na mvua. Mzee White na mwanawe Herbert wanacheza sataranji, mama anafuma kando ya moto. Mzee anamwingiza mfalme wake hatarini bila sababu, analiona kosa lake baada ya muda kupita, na anajaribu kumzuga kijana asilione. Hadithi nzima imo katika mchezo ule: mtu mwenye mfalme salama anamtia hatarini kwa hiari yake.

Kisha geti linajibamiza. Nyayo nzito zinakuja mlangoni. Mzee anainuka haraka kumfungulia mgeni, na anaingia Sajini Meja Morris, mwanajeshi aliyekaa India miaka 21. Angalia tumepewa nini: mlio wa geti, mshindo wa nyayo, mlango uliofunguliwa kwa furaha, sura, jina, na mazungumzo marefu huku wiski ikinywewa. Hata mtu wa pwani yetu angeutambua ukarimu huo. Ni hodi na karibu yake, na kiti kando ya moto.

Morris ndiye anayetoa mfukoni kiganja cha nyani kilichokaushwa. Ni hirizi. Fakiri mmoja wa India aliitilia nguvu ili kuonyesha kwamba maisha ya watu yanaendeshwa na majaaliwa, na kwamba anayeyachokoza hujuta. Watu watatu wamepewa nafasi, kila mmoja maombi matatu. Wa kwanza aliomba nini hatujui, ila ombi lake la mwisho lilikuwa kifo. Morris naye alikwisha omba yake. Aliomba nini? Hasemi. Uso unamparama na glasi inagongana na meno yake. Hapo ndipo Jacobs anapoanza kutoa, na sisi hatuna habari, kwa sababu mgeni bado yuko hai mbele yetu na moto unawaka.

Morris anakitupa kiganja motoni. Mzee anakiopoa. Waliotuambia tamaa mbele, mauti nyuma hawakuhitaji kurasa zaidi ya hizo.

Ombi la kwanza linatamkwa wazi, kwa maneno kamili: pauni 200, za kumalizia deni la nyumba. Herbert analisindikiza kwa kinanda. Kijana huyu ndiye mcheshi wa nyumba, na vichekesho vyake ndizo mbegu. Anasema fedha hizo hazioni, na yuko tayari kuweka dau kwamba hataziona kamwe. Asubuhi, akiondoka kwenda kazini, anawaomba wazazi wasianze kuzitumia kabla hajarudi. Tunacheka pamoja na mama yake. Ukiisoma mara ya pili huwezi kucheka, maana kila neno lilitimia. Fedha hakuziona. Na kurudi, ikiwa alirudi, alirudi wakati ambao hakuna aliyetaka kuuwazia.

Mgeni wa pili

Asubuhi hiyo kuna jua. Kiganja kimetupwa kabatini kama kikorokoro. Mama anachungulia dirishani, anamwona mwanamume aliyevaa vizuri, kofia mpya ya hariri kichwani, akisitasita nje. Mara tatu anasimama getini na kupita. Mara ya nne anaingia.

Linganisha na Morris. Geti lipo, lakini halijibamizi, linasitasita. Mgeni tunamwona, lakini jina hatupewi. Maneno anayo, lakini hayamtoki. Mama anafungua kamba za aproni yake haraka na kuificha chini ya mto wa kiti, jambo dogo la aibu ya nyumbani ambalo linaniumiza kila ninapolisoma, kwa sababu anajitengeneza apokee heri.

Mgeni ametumwa na kiwanda anakofanya kazi Herbert. Kwanza anasema kijana ameumia vibaya, kisha anaongeza kwamba hana maumivu. Mama anashukuru Mungu, halafu katikati ya shukrani maana inamfikia. Herbert amenaswa na mashine. Kampuni haikubali lawama yoyote, lakini kwa kuthamini utumishi wake inatoa kifuta machozi. Kiasi gani? Pauni 200.

Hapa kuna fundi wa kiwango cha juu. Habari ya mashine imetolewa kwa maneno machache mno, bila damu, bila maelezo. Jacobs anaiacha ikae kichwani mwetu kama bidhaa iliyowekwa ghalani. Ataihitaji baadaye. Tena kila kitu bado kina maelezo ya kawaida: ajali hutokea viwandani, na fidia ina kiwango chake. Hirizi haijathibitishwa. Anayetaka kuamini ataamini, na anayetaka kukataa ana njia.

Mgeni wa tatu

Sehemu ya tatu inaanza kwa taarifa kavu: makaburi yapo umbali wa maili mbili hivi, na wazee wamemzika mtoto wao huko. Nani anashika habari ya maili mbili? Inapita kama anwani kwenye bahasha.

Usiku mmoja mama anakumbuka kwamba maombi bado mawili. Baba anakataa, na katika kukataa kwake analeta bidhaa ile ya ghalani. Mtoto amekufa siku kumi, anasema, na hata siku ile yeye alimtambua kwa nguo tu. Sentensi hiyo moja ndiyo maiti yote ya hadithi. Ulemavu, uozo, uso usiokuwapo, vyote vimo, na mwandishi hajaeleza hata kidonda kimoja. Tumeviunganisha wenyewe, na kilichotengenezwa na kichwa chako huwezi kukiambia ni uongo.

Ombi la pili linatamkwa kwa sentensi fupi, kwa sauti inayotetemeka. Hakitokei kitu. Mshumaa unawaka mpaka chini ya ukingo wa kinara, vivuli vinadunda ukutani, mwanga unakufa. Saa inagonga, ngazi inalia, panya anapita. Mzee anachukua kiberiti kutafuta mshumaa mwingine. Chini ya ngazi njiti inazimika, na papo hapo mlango wa mbele unagongwa, taratibu kiasi cha kutosikika vizuri.

Sasa fanya hesabu. Geti liko wapi? Halikulia. Nyayo je? Hazikusikika. Sura hakuna, jina hakuna, sauti hakuna. Vyote alivyokuja navyo Morris vimeondolewa kimoja kimoja, umebaki mgongo wa mkono juu ya ubao. Na taa zimefuata mkondo huohuo: moto na taa usiku wa kwanza, jua asubuhi, mshumaa, njiti, kisha giza.

Msomaji wa Kiswahili ana sikio la pekee hapa. Kwetu mlango haugongwi kimyakimya. Mtu hupiga hodi, na hodi ni sauti ya mtu, unaweza kumtambua kabla hujamwona. Wengi wetu tulikatazwa tangu utotoni kuitika usiku kabla hatujamjua anayeita. Mgeni wa tatu haiti. Herbert aliyekuwa msemaji kuliko wote nyumbani mle hasemi neno. Lau angesema "Mama" mara moja tu, hadithi ingevunjika: tungemhurumia au tungempokea, na kati ya huruma na mapokezi hofu haina pa kukaa.

Na kwa nini amechelewa? Mama mwenyewe anajibu huku akijinasua mikononi mwa mumewe: alikuwa amesahau kwamba ni maili mbili. Mbegu imeota. Ghafla kimya chote cha mshumaa na panya kinajaa mwendo. Wakati sisi tumelala hapa tukidhani hakuna kitu, kuna mtu alikuwa njiani, kilomita tatu na ushei, kwa miguu ambayo tunajua imepitia nini. Jacobs hakuandika hata hatua moja ya safari hiyo. Ameifanya itembee nyuma, katika kumbukumbu yetu.

Ombi la tatu lenyewe hatulisikii. La kwanza lilikuwa na kinanda, la pili lilikuwa na sentensi, la tatu ni pumzi tu. Kugonga kunakoma. Mlango unafunguliwa, upepo baridi unapanda ngazi, na mama anatoa kilio kirefu. Mzee anashuka mbio hadi kwake, kisha hadi getini. Taa ya barabarani inamulika njia tupu.

Geti lile lililotangaza mgeni wa kwanza sasa halina la kusema. Njia tupu haithibitishi chochote: pengine alikuwapo akaondolewa, pengine hakuwapo asilani.

Si kila bwana wa fani hii alifanya hivi. M. R. James, msomi wa Cambridge aliyekuwa akiwasomea marafiki hadithi zake wakati wa Krismasi, alionyesha kidogo: katika mkusanyo wake wa 1904 kuna mzuka uliojiumba kwa mashuka ya kitanda cha pili, wenye uso wa kitambaa kilichokunjamana. Yeye alikupa shuka, akakunyima mwenye shuka. Na kwetu Muhammad Said Abdulla, katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alikwenda njia iliyo kinyume: alimtuma mpelelezi wake Bwana Msa pahali pa mzimu ili akili ifungue kila mlango. Zote ni njia halali. Lakini anayechagua njia ya Jacobs hana budi kuvumilia mlango usiofunguka, na huo uvumilivu ndio unaowashinda wengi. Tukishaandika kugonga tunatamani kumwonyesha anayegonga.

Niliwahi kuwasomea ndugu zangu hadithi hii kwa sauti, nikaifasiri papo kwa papo, kisha nikamwomba kila mmoja anieleze aliyekuwa nje. Mmoja alimwona hana taya. Mwingine alimwona ameshika mkono wake mwenyewe. Wa tatu alisema alikuwa mzima kabisa, na kwamba hilo ndilo lililomtisha. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa.

Mdogo wetu alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini baba hakumwacha mama amwone. Tangu siku ile nasoma ukurasa wa mwisho kwa jicho jingine. Baba anaogopa anachokijua, maana yeye ndiye aliyeziona nguo. Mama hakuona. Katika nyumba ile, na miongoni mwetu sote tunaosoma, ni yeye peke yake aliyekuwa tayari kumwambia mgeni wa tatu "karibu," na Jacobs aliliweka komeo juu ya mkono wake kwa kimo cha kiti kimoja.