Bessie Head na ufundi wa kuandika wazimu

Riwaya ya Bessie Head, A Question of Power, iliyotoka mwaka 1973, inafunguka kwa mwanamume aitwaye Sello. Msomaji anapewa fikra zake kana kwamba ni mkazi yeyote wa kijiji cha Motabeng. Elizabeth, mhusika mkuu, anakuja baadaye, na ndipo inapobainika kuwa Sello huyu humjia usiku chumbani, akaketi kitini na kuzungumza naye, wala hakuna mwingine anayemwona. Msomaji amekwisha kumwamini. Tena kijijini yupo Sello wa kweli, mkulima na mfugaji anayeheshimika!

Mbinu yenyewe ni kuondoa vibao vya njiani. Msimulizi hatangazi kwamba sasa tunaingia katika njozi. Usiku wa mateso na chai ya asubuhi vinasimuliwa kwa sauti ileile.

Wazimu Head aliujua kwa mwili wake. Alizaliwa mwaka 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, alikolazwa mama yake. Mwaka 1964 alihamia Serowe, katika Botswana ya leo, na mwaka 1971 akalazwa yeye mwenyewe huko Lobatse. Hata hivyo aliandika kwa nafsi ya tatu, na huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya katika kitabu hiki. Ulimpa nafasi ya kuyatazama maumivu yake na kuyapanga.

Vitabu alivyovisoma navyo vilifanya kazi. Ujanani, mjini Durban, alizama katika maandishi ya dini ya Kihindu. Riwayani wamo Buddha, Osiris wa Misri, Caligula wa Roma na Medusa wa Wagiriki. Si mapambo. Medusa anamsuta Elizabeth kuwa ni chotara, hajui lugha yoyote ya Kiafrika, hana kwao. Matusi ya utawala wa makaburu yamepata mdomo wa zimwi la hadithi za kale, na msomaji anaona wazi kilichomfanya mwanamke huyu augue.

Sehemu ya pili, ya Dan, mwanamume mwingine anayemtesa Elizabeth njozini, na msururu wa wanawake wake, inachosha. Kurasa kadhaa zingepunguzwa bila hasara, ingawa kurudiarudia huko ndiko kunakomfanya msomaji aonje kukosa usingizi.

Kinachoiokoa riwaya ni bustani ya mboga kijijini. Elizabeth na Kenosi, mwanamke wa kijijini, wanapanda miche, wanamwagilia, wanapika jamu ya tunda dogo la manjano lililoletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Sentensi hapo ni fupi, zimejaa vipimo na majina ya mboga. Head hakuhitaji kueleza kwamba mgonjwa anapata nafuu. Mwendo wa lugha unalionyesha hilo.

Anayetaka kuandika juu ya maradhi ya akili na aisome riwaya hii mara mbili, na mara ya pili azifuate kurasa za bustani peke yake.