Vuli, Mauti na Mahame: Istilahi za Ulaya mbele ya Al-Inkishafi

Anayeeleza sanaa na utamaduni wa Ulaya ya karne za 14 na 15 kwa wasomaji wa Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hutatizwa na istilahi kabla hajaifikia michoro yenyewe. Mwaka 1919 Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, alikiita kipindi hicho kwa jina la majira ambayo kwao majani hupukutika. Neno lililo karibu kwa mfasiri wa Kiswahili ni "vuli". Lakini vuli yetu ni mvua, nayo huhimiza kupanda. Na huku Elgon miezi ya mwisho wa mwaka ni ya kuvuna mahindi. Huizinga alikusudia kuiva na kunyauka kwa pamoja, yaani utamaduni ulioiva hadi ukaanza kuoza. Kwa "vuli" machweo yake yanageuka kuwa machipuko.

Kosa hilo la tafsiri ni dogo. Kubwa zaidi ni kwamba majira hujiia yenyewe, hayana mtendaji. Jamii ikishaelezwa kwa majira, anguko lake halihitaji tena kuulizwa limesababishwa na nani.

Istilahi ya pili, "memento mori", yaani kumbuka kwamba utakufa, ina hatari hiyohiyo. Mfano wake mashuhuri ni Ngoma ya Mauti iliyochorwa mwaka 1424 na 1425 ukutani mwa makaburi ya Watoto Wasio na Hatia, Paris. Ukuta ulibomolewa mwaka 1669, ila mpangilio wake twaujua kupitia kitabu alichokichapisha Guyot Marchant mwaka 1485. Humo Mauti humshika mkono papa, mfalme, mfanyabiashara na mkulima, kila mmoja kwa zamu. Wachezaji hawana majina, wana vyeo tu. Na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa hoja ya mchoro ni usawa.

Sasa tuliangalie Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambalo aghalabu huwekwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ni rahisi kulibandika lebo ileile. Mshairi anauasa moyo wake, anailaumu dunia kwa hadaa yake, anauliza wako wapi waliokuwapo. Hata hivyo chimbuko lake si Paris. Ni zuhudi ya Kiislamu, na Kurani yenyewe huwataka watu watazame mwisho wa waliotangulia. Isitoshe, Sayyid Abdalla hatupi vyeo. Anawataja watu kwa majina, wakiwemo wa ukoo wake, kisha anatuingiza ndani ya nyumba zao: vidaka vilivyopangwa sahani vimekuwa viota vya makinda, na kumbini wanalia wadudu. Pate ilikuwa imedhoofishwa na ugomvi wa watawala na vita. Mshairi hasimulii vita hivyo, lakini anatupa anwani.

William Hichens, katika toleo lake la mwaka 1939, aliliongezea shairi jina la Kiingereza lenye maana ya kuamka kwa roho. Jina hilo linapendeza, nami nalishuku. Inkishafi ni kufunuka. Kutoka mzizi huohuo wa Kiarabu Kiswahili kimepata "kashifu" na "kashfa". Roho yaweza kuamka faraghani, bila jirani kujua. Kashfa haiwezekani bila jirani.

Msomaji wa Kapsokwony halihitaji somo refu hapa. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mapigano ya Mlima Elgon yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao. Ukimwambia kwamba vidaka vya Pate vinamkumbusha binadamu kuwa atakufa, atakubali kwa adabu. Ukimwambia kwamba hapa ni kwa fulani, naye hayupo, atalisoma shairi upya. Kiswahili kina neno la mahali hapo: mahame. Magofu ni hali ya kuta, nazo zaweza kubomolewa na mvua tu. Mahame ni mahali walipohama watu. Napendekeza neno hilo litumike kama istilahi ya uhakiki katika beti za nyumba za Pate. Halitatufaa katika beti za mwisho, ambamo mshairi anaorodhesha tabaka za moto wa Jahanamu. Huko hatuna budi kurudi kwenye msamiati wa zuhudi.