Kutambua minyoo wa mirija iliyojizungusha

Vidoa vyeupe vilivyotapakaa juu ya mwani wa kahawia uitwao Fucus serratus katika pwani za Uingereza hudhaniwa kuwa konokono wachanga, ilhali ni mirija ya chokaa, yenye upana wa milimita chache tu, inayojengwa na minyoo wa jenasi Spirorbis na jamaa zao. Hatua ya kwanza ya kuwatambua ni kuutazama mrija kutoka juu na kuufuata mzunguko wake kutoka katikati hadi mdomoni: ukielekea zinakokwenda akrabu za saa, huitwa wa kushoto, kama ule wa Spirorbis spirorbis, na ukienda kinyume huitwa wa kulia, kama wa jenasi Janua. Kigezo hiki ni chepesi, lakini hakitoshi, kwa kuwa spishi nyingi huzunguka upande uleule.

Ushahidi wenye uzito umo ndani, nao haupatikani mpaka mrija uvunjwe kwa sindano chini ya hadubini. Mnyoo akitolewa mzima, huonekana taji la minyiri ya kuchujia chakula pamoja na kifuniko, yaani kizibo chenye bamba la chokaa kinachofunga mdomo wa mrija maji yanapokupwa. Umbo la bamba hilo husaidia sana, ila swali kubwa zaidi ni mahali viinitete vinapolelewa: Janua huvilea ndani ya kifuniko chenyewe, ilhali Spirorbis huviweka mrijani. Tofauti hiyo ya uzazi ndiyo inayostahili kutangulizwa, kwani mirija inayofanana kwa nje huweza kuwa ya wanyama wa makundi tofauti kabisa.

Makazi nayo yana neno lake. Mwaka 1962 watafiti de Silva na Knight-Jones waliieleza spishi mpya, Spirorbis corallinae, inayoishi hasa juu ya mwani wenye chokaa wa Corallina officinalis. Na katika majaribio ya de Silva ya mwaka huohuo, lava, yaani watoto wanaoogelea kabla ya kujibandika, walipopewa nafasi ya kuchagua, wale wa corallinae waliupendelea mwani huo, na wale wa S. spirorbis, iliyoitwa borealis wakati huo, wakaupendelea Fucus. Hata hivyo, mwani haumpi mnyoo jina, bali humwongoza mchunguzi tu. Kwa hiyo kila sampuli hukusanywa pamoja na kipande cha mwani au jiwe lililoibeba, kisha huhifadhiwa katika alkoholi, kwa sababu kihifadhi chenye asidi huiyeyusha chokaa, na bamba la kifuniko likapotea nayo.