Kichekesho cha Simu na Jibu la Kijiweni: Maoni Kutoka Bulyaga

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulihukumu andiko kwa kulisoma. Kwa shairi na riwaya desturi hiyo yafaa. Kwa vichekesho vinavyopokewa siku hizi katika simu haitoshi, na nadhani ndiyo maana wataalamu huvitaja kwa haraka, kana kwamba ni takataka za lugha. Nilipata kuketi mara kadhaa na vijana wa bodaboda katika kata ya Bulyaga, mjini Tukuyu, wakingoja abiria na kungoja mvua ipungue, huku simu moja ikipita mkono kwa mkono. Niliyoyaona hapo ndiyo yanayonifanya nisikubaliane na hukumu hiyo.

Kichekesho chenyewe aghalabu hutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Ni picha ya bango lililokosewa herufi, au tangazo la chumba cha kupanga kilichosifiwa kupita kiasi, au ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji juu ya umeme. Ulimwengu wake ni ule wa Sinza, Kinondoni na Kariakoo. Ukoo wake wajulikana: Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kisha gazeti la Sani na kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, kisha Kingo wa James Gayo. Hao wote walimfanya mtu wa mjini, mjanja asiye na kitu mfukoni, kuwa kichekesho cha taifa zima. Lakini wao walikuwa na wachoraji wanaojulikana na tarehe ya kuchapwa. Kichekesho cha simu hakina mwenyewe. Humfikia msomaji kikiwa kimekatwa ukingo na kufutwa jina.

Yafaa msomaji ajue kwamba mji wa Tukuyu nao una kata iitwayo Msasani, na nyingine iitwayo Bagamoyo. Siku moja ikaja picha ya kumdhihaki tajiri wa Msasani. Kwa mtu wa Dar es Salaam jina hilo huleta fikira ya rasi, bahari na nyumba za kifahari. Pale Bulyaga kijana mmoja aliuliza, pasipo hata kutabasamu, tajiri huyo anauza maparachichi ya nani, maana Msasani aijuayo yeye ni ya mji huu huu. Wenziwe wakacheka kuliko walivyoicheka picha. Kichekesho cha pili kilizaliwa juu ya cha kwanza, na kwa ustadi kilikipita. Wala hakuna simu iliyokihifadhi.

Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, aliandika juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa, ambako vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, na juu ya neno ukwangala, yaani raha ya kukaa na kuzungumza na wenzi. Mazungumzo hayo yalihesabiwa kuwa sehemu ya malezi ya mtu. Sidai kwamba kijiwe cha bodaboda ni mrithi halali wa vijiji hivyo. Zama zimebadilika mno. Nasema tu kwamba mzaha huko una kipimo cha zamani, nacho ni jibu.

Kwa kipimo hicho twaweza kuhukumu. Viko vichekesho vingi vya kuigiza matamshi ya watu wa bara, na Wanyakyusa hawakuachwa. Kinyakyusa hakina sauti ya z wala v. Kwa hiyo mchekeshaji humfanya mtu wa Rungwe aseme fiatu badala ya viatu. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba hapo hapana ujinga wowote, bali kuna kanuni: penye vi- ya Kiswahili, ngeli ya Kinyakyusa ina ifi-. Hata ziwa likiitwa siwa, mwenye kucheka akumbuke kwamba watu wa pwani wana siwa yao, ile baragumu kubwa ya wafalme. Lakini kosa la kichekesho hicho kifasihi si kutojua isimu. Kosa ni kwamba kimemnyima mwenye kuchekwa zamu ya kusema. Mtani akirushiwa neno hulirudisha, na watu husikiliza nani kamshinda nani. Anayechekwa katika simu ametengwa na anayemcheka. Kile cha Msasani kiliacha mlango wazi, nacho kikajibiwa. Hiki cha matamshi, nilipokiona kikisomwa Bulyaga, kilipitishwa kimya, na simu ikarudishwa mfukoni.

Tangu mwaka 1964, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanzishwa Dar es Salaam, wakusanyaji wetu wamekwenda vijijini kuandika methali na hadithi. Msaidizi atumwaye leo kukusanya vichekesho hurudi na picha tupu, amezihifadhi vizuri, bila mahali, bila siku, bila neno la yeyote aliyekuwapo. Hapo amechukua nusu, tena nusu iliyo nyepesi kupatikana. Simlaumu sana. Katika daftari langu mwenyewe la Bulyaga picha zilizoelezwa ni nyingi na majibu ni machache, kwa kuwa nilichelewa kujua lipi la kuandika.